Chumvi ya Pwani na Tezi ya Shingo

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara iendayo kaskazini, ukaziacha Kunduchi na Bunju nyuma yako, ukapita Mapinga na kuingia Bagamoyo, hapana budi siku moja uteremke ufukoni uitazame kazi ya chumvi. Kaskazini ya mji, huko Nunge, yametandazwa majaruba mapana, mengine yakiwa na maji yenye rangi ya mbingu, mengine yamekwisha kugeuka meupe hata macho yakaumia kwa mng'ao wake. Bamvua likijaa, maji ya bahari huingizwa katika bwawa la kwanza. Jua na upepo huyapunguza, kisha hupitishwa katika bwawa la pili na la tatu, yakizidi kuwa mazito. Chokaa hutangulia kutua. Chumvi hufuata. Maji machungu yanayobaki juu humwagwa, na vibarua huingia na majembe na reki wakaikusanya chumvi katika vichuguu. Masika ikianza, kazi husimama.

Kwa miaka mingi mwandishi wa makala haya alikuwa hapiti njia ile ila alirudi nyumbani na kiroba cha chumvi kutoka kwa wauzaji wa kando ya barabara. Bei yake ilikuwa nafuu, na tena nilikuwa na fahari nayo. Nilipenda kumwambia mke wangu kwamba hii ndiyo chumvi halisi, chumvi ya bahari yenyewe, isiyochezewa na mtu. Kwetu sisi watu wa pwani bahari ni mama, na atoacho mama hakihitaji kutiwa kitu kingine.

Fahari hiyo iliniponyoka kwa sababu ya swali moja. Binti wa marehemu kaka yangu, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu, alikuja kukaa nasi akiwa na mimba changa. Siku aliyorudi kutoka kliniki kwa mara ya kwanza aliniuliza: "Baba mdogo, muuguzi anataka kujua chumvi tunayotumia ni ya pakiti au ya kiroba." Nikamjibu kwa kiburi kwamba akamwambie ni ya Bagamoyo, na kwamba hakuna iliyo bora kuliko hiyo. Akaenda na jibu langu. Akarudi na ujumbe kwamba siku ya zamu yake ijayo achukue kijiko kimoja katika karatasi.

Je, muuguzi wa wajawazito ana haja gani na chumvi ya jikoni mwa watu? Ili kulijibu swali hilo yatupasa tuiache bahari kwa muda, tuingie ndani ya mwili wa binadamu.

WAJUMBE WA DAMU

Mwili wa mtu una viungo vingi ambavyo haviwezi kufanya kazi bila kuarifiana. Njia za kuarifiana ni mbili. Ya kwanza ni mishipa ya fahamu, ambayo kazi yake hufanana na simu: habari hutoka mahali pamoja na kufika mahali pamoja, upesi sana. Ukikanyaga kaa la moto, mguu huinuka kabla hujasema neno. Njia ya pili hufanana zaidi na redio. Tezi fulani humwaga kemikali katika damu, na damu huitembeza mwili mzima, toka utosini hadi unyayoni. Redio hutangaza kwa wote, lakini anayesikia ni yule aliyefungulia stesheni ile. Vivyo hivyo kemikali hiyo hupita kila mahali, lakini huathiri chembechembe zile tu zenye vipokezi vyake. Kemikali hizo ndizo homoni. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1905, likitokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea, na aliyelitoa ni Ernest Starling, mwanafiziolojia wa Uingereza, ambaye miaka mitatu kabla yake yeye na William Bayliss walikuwa wamegundua homoni ya utumbo inayoliamuru kongosho kutoa maji yake.

Homoni ni nyingi, na hatuwezi kuzitaja zote hapa. Kongosho hutoa insulini, inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika chembechembe za mwili. Ilipopatikana huko Toronto mwaka 1921, ugonjwa wa kisukari uliacha kuwa hukumu ya kifo kwa watoto. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo kama kofia, ambayo hutoa adrenalini pale basi linapoyumba barabarani na moyo wa abiria ukaanza kudunda. Ovari na korodani zina zake, na hizo ndizo zinazombadilisha mtoto kuwa mtu mzima. Mama anaponyonyesha, ni homoni inayoyasukuma maziwa yatoke, na ndiyo maana baadhi ya kina mama huona maziwa yakidondoka kwa kusikia tu kilio cha mtoto.

Lakini tezi inayotuhusu leo imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ikilikumbatia koo kwa mbawa zake mbili mithili ya kipepeo. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu kama 20. Wengi wetu hatujui kwamba tunayo mpaka ivimbe. Kazi yake ni kuweka mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa kasi gani, chakula kiunguzwe upesi kiasi gani, joto litunzwe vipi, tumbo lisage namna gani. Kwa mtoto ina kazi kubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoamuru mifupa irefuke na ubongo ujijenge.

Nguvu ya homoni hii ilionekana wazi mwaka 1912, pale mwanasayansi Gudernatsch alipowalisha viluwiluwi wa chura vipande vya tezi ya shingo ya mnyama. Viluwiluwi hao waligeuka vyura kabla ya wakati wao, wakiwa bado wadogo mno. Baadaye ilithibitika pia kwamba kiluwiluwi aliyeondolewa tezi hiyo hubaki kiluwiluwi. Hunenepa majini wala hageuki chura. Mfano huo wa chura unatosha kuonyesha kwamba kukua si kuongezeka ukubwa tu. Ni amri, na amri hiyo lazima itolewe kwa wakati.

MSIMAMIZI NA FUNDI

Tezi hiyo haijiamulii yenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, nayo inapokea maagizo kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake, iitwayo haipothalamasi. Namna zinavyoshirikiana inafanana sana na kazi ya majaruba niliyoieleza. Msimamizi wa majaruba huangalia kina cha maji: yakipungua huufungua mlango, yakitosha huufunga. Pituitari nayo huipima damu. Homoni ya tezi ya shingo ikipungua, pituitari hutuma homoni yake ya kuihimiza tezi ifanye kazi, ikitosha, hunyamaza. Mtu mwenye afya hupita miaka bila msimamizi huyu kukosea.

Sasa tuseme fundi amehimizwa, naye yu tayari, lakini malighafi hakuna. Ndivyo inavyotokea. Homoni ya tezi ya shingo haiwezi kutengenezwa bila iodini, ambayo wananchi wa Tanzania wameizoea kwa jina la madini joto. (Aliyelibuni jina hilo hakukosea, maana upungufu wake humfanya mtu ahisi baridi wenzake wanapotokwa jasho.) Kila chembe ya homoni kuu inayotolewa na tezi hiyo hubeba atomi 4 za iodini, mwili huondoa moja, zikabaki 3, na hiyo ndiyo homoni yenye nguvu zaidi. Hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi yake.

Basi iodini ikikosekana, pituitari huona upungufu na kuhimiza. Tezi haina cha kufanyia kazi. Pituitari huhimiza tena, kwa sauti kubwa zaidi, na tezi hujibu kwa njia pekee iliyobaki: hujipanua. Ni kama kiwanda kinachoongeza majengo wakati ghala la malighafi ni tupu. Uvimbe huo wa shingo ndio rovu, na katika vijiji vingine vya nyanda za juu ulikuwa jambo la kawaida hata ukahesabiwa kuwa ni umbile, au ni mkono wa mtu.

Laiti madhara yangeishia shingoni. Rovu lenyewe aghalabu haliumi, ila likiwa kubwa mno hata kubana koo. Hasara kubwa huwa haionekani. Mtu mzima mwenye upungufu wa homoni hii huchoka bila kazi, ngozi humkauka, choo humfunga, moyo hupiga polepole, na nyumbani huambiwa kwamba ni mvivu. Na mtoto aliye tumboni hulipa zaidi kuliko wote. Katika wiki 12 za mwanzo tezi yake haijaanza kazi; homoni yote anayoitumia kujengea ubongo huitoa kwa mama yake, na kwa miezi kadhaa baada ya hapo bado humtegemea kwa sehemu kubwa. Ndiyo sababu tezi ya mjamzito hulazimika kuongeza utoaji wake karibu kwa nusu nzima, na mahitaji yake ya iodini hupanda toka maikrogramu 150 kwa siku hadi 250. Maikrogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Iodini yote anayoihitaji mtu kwa miaka 70 haijazi kijiko cha chai. Lakini kijiko hicho hakiwezi kuliwa kwa siku moja na kuwekwa akiba ya maisha. Lazima kije kidogo kidogo, kila siku. Upungufu ukiwa mkali, mtoto huweza kuzaliwa kiziwi na bubu, mfupi, mwenye akili iliyodumaa, na hakuna dawa itakayomrudishia alichokikosa. Ukiwa wa kadiri, mtoto huonekana mzima kabisa, ila darasani huwa mzito. Shirika la Afya Duniani linauhesabu upungufu huu kuwa sababu kuu ya kudumaa kwa akili inayoweza kuzuilika duniani.

KILICHOBAKI BAHARINI

Hapo ndipo mtu wa pwani anapouliza: je, iodini haitoki baharini? Hutoka huko. Ilipogunduliwa mara ya kwanza, mwaka 1811, ilikuwa katika majivu ya mwani: Bernard Courtois wa Ufaransa alitia asidi kali, akaona moshi wa zambarau ukipanda. Mwani kama huo huo, ingawa si wa aina ile, kina mama wa Mlingotini, kusini ya Bagamoyo, huulima kwenye maji mafupi na kuuanika. Samaki wa bahari, kamba na chaza nao wana iodini ya kutosha. Hata upepo wa bahari huibeba kidogo na mvua huiangusha ardhini. Huko Makete, Njombe na Ludewa, mbali na bahari, udongo wa milimani uliosafishwa na mvua za miaka maelfu umebaki na kidogo mno, na mahindi, viazi na maharage yanayoota humo yana kidogo vilevile.

Basi chumvi ya bahari je? Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, lakini iodini yake ni maikrogramu 50 au 60 tu. Hata kama yote ingebaki ndani ya chumvi, mtu anayekula gramu 10 za chumvi kwa siku angepata maikrogramu 15 hivi, yaani sehemu moja katika kumi ya mahitaji yake. Na haibaki yote. Iliyo nyingi huondoka na yale maji machungu yanayomwagwa. Kwa ufupi, samaki ana iodini, mwani una iodini, na chumvi iliyokaushwa kwa jua katika maji yale yale karibu haina kitu.

Mtu wa pwani anayekula changu au kibua kila siku huenda asipungukiwe. Lakini ni familia ngapi za wafanyakazi wa Dar es Salaam leo zinazokula samaki wa bahari kila siku? Wengi wetu tunakula ugali, maharage na kabichi, na siku ya mshahara nyama. Na hata dagaa wa sokoni mara nyingi wametoka maziwani, ambako maji hayana chumvi wala iodini ya bahari. Muhogo nao, chakula chetu cha tangu enzi, una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia iodini isiingie katika tezi. Mwenye iodini ya kutosha hadhuriki kwa hilo, hasa muhogo ukilowekwa na kupikwa vizuri. Asiye nayo huongezewa mzigo.

Ushahidi ulipatikana Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote. Katika miaka ya 2000 watafiti waliwapima watoto wa shule wa Zanzibar, na kwa Pemba walikuta takriban theluthi moja wana rovu, wakati chumvi yenye madini joto ilikuwa katika nyumba chache mno. Wengi walidhani jambo hilo haliwezekani kisiwani.

Dawa yake ilijulikana zamani. Uswisi, nchi ya milima iliyosumbuliwa sana na rovu, ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na Marekani ikafuata mwaka 1924. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu tajiri na maskini huila, huila kila siku, na hakuna awezaye kuila nyingi kupita kiasi kwa mkupuo mmoja. Hapa kwetu, makadirio ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba Watanzania 4 kati ya 10 waliishi katika sehemu zenye upungufu, na mmoja kati ya wanne alikuwa na rovu. Toka mwaka 1986, Serikali, pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zaidi ya 20 zilizoathirika vibaya. Baadaye ikaja sheria ya chumvi, na toka mwaka 1995 chumvi ya kuliwa inatakiwa iwe imetiwa madini joto. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta rovu kwa watoto wa shule limeshuka hadi 7 hivi katika kila 100. Ni ushindi ambao haukupigiwa ngoma, pengine kwa kuwa waliookolewa hawajui kwamba waliokolewa.

Haifai kuficha upande wa pili. Katika nchi kama Zimbabwe na Kongo, chumvi hiyo ilipoanza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1990, baadhi ya watu wazima waliokuwa na rovu la siku nyingi walipata ugonjwa wa kinyume: tezi iliyozoea njaa ililetewa karamu, ikatoa homoni kupita kiasi, na moyo ukaenda mbio. Mwenye rovu la zamani anayeanza kukonda, kutetemeka na kutokwa jasho bila sababu aende hospitali. Tena, kwa ajili ya shinikizo la damu, Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Mashauri hayo mawili hayapingani. Kula kidogo, lakini kile kidogo kiwe na madini joto, na kitunzwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, maana madini hayo hupotea.

Na kazi haijakwisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta nyumba kama 8 katika 10 zina chumvi yenye iodini, lakini zenye kiwango kinachotosha zilikuwa takriban nusu. Waliokuwa nyuma zaidi hawakuwa watu wa milimani. Walikuwa watu wa Lindi, Mtwara na Pemba, kunakotengenezwa chumvi. Chumvi isafiriyo mbali hupita katika viwanda na maghala, ikapulizwa na kufungwa katika pakiti. Ile ya karibu hutoka jarubani ikaingia kirobani, na kirobani ikaingia chunguni.

Siku ya zamu ilipofika, binti yetu alikwenda kliniki na vifungo viwili vya karatasi: kimoja chumvi yangu, cha pili chumvi ya pakiti aliyokuwa amenunua dukani mke wangu bila kunishauri. Muuguzi alidondosha tone la dawa juu ya kila kifungo. Chumvi ya dukani iligeuka zambarau. Yangu ilibaki nyeupe vile vile.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na safari ya Bagamoyo. Wakati wa kurudi nilisimama mahali pangu pa siku zote, na muuzaji, mzee anayenifahamu kwa sura, alinyanyuka kunichagulia kiroba.

"Shikamoo, mzee. Hii imetiwa madini joto?"

"Marahaba. Hii haikutiwa, mwanangu. Ya kupulizia tunayo dawa na bomba la mgongoni, na kazi yenyewe si kubwa. Lakini ile tunawapulizia wa bara, matajiri wa malori wanaitaka. Nyinyi wa hapa hapa hamuulizi."

Nikamwambia kwamba leo ninauliza. Aliniangalia kidogo, akakirudisha kiroba chini, akamwita kijana wake aliyekuwa amelala kivulini akalilete bomba.